RTX 3050 ya GB 6 ndani ya kompyuta ya ofisini iliyozeeka: inachokiweza na inachoshindwa

Kompyuta za mezani zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk za kuanzia miaka ya 2015, zimejaa majumbani Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na sababu yake inaeleweka: ni imara, vipuri vyake vinapatikana, na bei yake iko chini ya ile ya laptop mpya yenye uwezo unaofanana. Upungufu wake mkubwa ni picha. Zilitengenezwa kwa ajili ya barua na majedwali, kwa hiyo kazi yote ya picha imeachiwa sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa, nayo huanza kuhema mara mtu anapofungua video ya 4K au gemu la miaka ya karibuni. Tathmini hii inahusu kadi ya picha ya GeForce RTX 3050 yenye kumbukumbu ya GB 6, niliyoifunga kwenye OptiPlex 7040 ya umbo la mnara, yenye prosesa ya Core i5-6500, RAM ya GB 16 na diski ya SSD, kwa matumizi mawili: kutazama video za 4K kwenye televisheni, na kucheza magemu kwa ukubwa wa 1080p. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa kompyuta ya aina hii sijaona kadi mpya nzuri kuliko hii ambayo mtu anaweza kuichomeka bila kubadilisha kitu kingine chochote. Lakini sifa hiyo inatokana zaidi na uchache wa umeme inaoutumia kuliko kasi yake, na anayetaka video peke yake ana njia za bei nafuu zaidi.

Tuanze na umeme, kwa kuwa hapo ndipo fedha za wengi zinapopotea. Tundu la PCI Express kwenye madabodi huipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi inayodai zaidi ya hapo lazima ivutiwe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, waya wenye kichwa cha pini 6 au 8, na katika nyingi ya kompyuta hizi za ofisini waya huo haupo kabisa, kwa sababu aliyezibuni hakuwaza kwamba siku moja kompyuta ya karani wa benki ingetakiwa kuendesha mbio za magari. Pawa saplai ya 7040 ya mnara ina wati 240. Ile ya umbo dogo, linaloitwa SFF, ina wati 180 tu. RTX 3050 ya GB 6 hutumia wati 70 inapofanya kazi kwa nguvu zote, na matoleo yake mengi hayana hata pa kuchomekea waya wa nyongeza. Ukijumlisha wati 65 za prosesa, 70 za kadi na thelathini na kitu za madabodi, RAM, diski na feni, unafika karibu 170, mzigo ambao pawa saplai ya wati 240 iliyo nzima inaubeba bila taabu. NVIDIA yenyewe, kampuni iliyoibuni kadi hii, inapendekeza wati 300, lakini pendekezo hilo limewekwa kwa tahadhari kwa kuwa kampuni haiwezi kujua mnunuzi amejaza nini ndani ya kompyuta yake. Katika i5 yenye diski moja sikuona dalili yoyote ya kuelemewa, hata baada ya saa kadhaa za gemu zito. Kwa SFF ya wati 180, hasa ikiwa ndani kuna i7 na diski mbili za kuzunguka, ningesita.

Wenye SFF wana mtihani mwingine, nao ni nafasi. Kasha hilo halipokei kadi ya kimo cha kawaida, hivyo litafutwe toleo la nusu kimo, ambalo baadhi ya watengenezaji wanalo, na kabla ya kulipa kasha lifunguliwe na kuangaliwa tundu refu limekaa wapi. Katika baadhi ya makasha hayo tundu hilo limebanana na pawa saplai, na kadi yenye unene wa nafasi mbili haiingii hata ungeisukuma vipi. Mwenye mnara hana shida hiyo.

Jina la kadi hii nalo ni mtego, na katika hili NVIDIA inastahili kulaumiwa waziwazi. RTX 3050 ya kwanza, iliyotoka Januari 2022, ina kumbukumbu ya GB 8, viini 2560 (vitengo vidogo vya hesabu), njia ya kumbukumbu yenye biti 128, na hutumia wati 130. Hii ya GB 6 ilikuja Februari 2024, kwa bei ya kuanzia ya dola 169 huko Marekani, ikiwa na viini 2304, njia ya biti 96 na wati 70. Tofauti kati yao haiishii kwenye gigabaiti mbili. Hii ya pili hupitisha GB 168 za data kwa sekunde pale ambapo ya kwanza hupitisha 224, na katika magemu huachwa nyuma kwa takriban moja ya tano. Ni kadi mbili tofauti zilizopewa jina moja, na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kukuonyesha video za majaribio ya ile ya GB 8 huku mkononi ameshika hii. Kinyume chake pia hutokea: mtu mwenye OptiPlex hununua ya GB 8 akidhani kubwa ndiyo bora, akifika nyumbani anakuta inadai waya ambao kompyuta yake haina. Soma boksi mpaka mwisho.

Sasa video, ambayo ndiyo sababu inayowapeleka wengi dukani. Uchezaji laini wa video hautegemei sana idadi ya viini vya kadi wala ukubwa wa kumbukumbu yake. Unategemea king'amuzi, yaani sehemu ndogo maalumu ndani ya kadi au prosesa inayofungua video iliyobanwa, na jambo la kuuliza ni king'amuzi hicho kinaelewa mbano upi. Mbano wa zamani wa H.264 unaeleweka na kila kompyuta ya miaka hii. HEVC, unaoitwa pia H.265, ndio unaotumiwa na simu nyingi na kamera za sasa kurekodia 4K. YouTube, kwa upande wake, hutumia VP9 na AV1 kwa video zinazozidi 1080p. Picha za ndani za i5-6500, zinazoitwa HD Graphics 530, zinaiweza H.264 na HEVC ya biti 8 (biti hapa ni wingi wa rangi katika video). Kwa VP9 zinasaidiwa kwa kiasi kikubwa na prosesa, kwa HEVC ya biti 10 hazina king'amuzi kamili, na AV1 haziifahamu kabisa. King'amuzi kisipojua mbano, kazi yote inaangukia prosesa, na hapo ndipo feni inapoanza kuvuma, picha zikirukaruka na sauti ikitangulia midomo.

RTX 3050 inafungua yote hayo: H.264, HEVC ya biti 8 na 10, VP9 na AV1. Baada ya kuifunga, video ya 4K ya YouTube yenye fremu 60 kwa sekunde, iliyokuwa ikiisumbua kompyuta hii mpaka panya anagoma kusogea, ilienda bila kukwama hata mara moja, na matumizi ya prosesa yakashuka mpaka nikawa ninaweza kuandika barua kwenye dirisha jingine bila kuhisi tofauti. Video za harusi zilizorekodiwa kwa simu katika HEVC ya biti 10, ambazo awali zilikuwa ni mfululizo wa picha za mnato, sasa zinachezwa kama inavyopasa, ingawa kichezaji chenyewe cha Windows huomba kiongezewe kifurushi cha HEVC kutoka duka la Microsoft. VLC haina haja hiyo. Anayetaka kuhakikisha kwamba kadi ndiyo inayofanya kazi afungue Task Manager, aingie kwenye ukurasa wa utendaji, achague kadi na kutazama grafu ya ufunguaji wa video: ikipanda wakati video inachezwa, mambo yako sawa. Ikibaki chini kabisa, aangalie kwanza kama kivinjari hakijazimiwa matumizi ya kadi, kisha aangalie waya wa televisheni umechomekwa wapi, maana wapo wanaonunua kadi na kuacha waya kwenye tundu lile lile la zamani la madabodi.

Tundu hilo lina uzito wake. HDMI ya kompyuta za kizazi cha i5-6500 hutoa 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde. Aliyetaka 60 alilazimika kutumia DisplayPort, ambayo televisheni nyingi hazina. HDMI ya RTX 3050 ni ya toleo la 2.1, hivyo televisheni ya 4K inapata fremu 60 kwa waya mmoja wa kawaida ulio mzuri, na sauti inapita humo humo. Kwa upande mwingine, kadi hii haina VGA, wala haitoi ishara ya VGA kupitia kibadilishio kile cha bei rahisi kisicho na saketi ndani yake. Mwenye kioo cha zamani chenye tundu la buluu peke yake anunue kibadilishio chenye saketi, cha kutoka DisplayPort au HDMI kwenda VGA, au, ambalo ni jambo la busara zaidi, fedha za kadi kwanza azielekeze kwenye kioo. Kutumia kadi ya aina hii kwa kioo cha VGA ni kununua nyama ya ng'ombe mzima na kula mchuzi.

Lakini anayetazama 1080p peke yake haihitaji kadi hii. HD Graphics 530 inaimudu video ya 1080p karibu ya kila aina, na hata AV1 ya ukubwa huo prosesa yenye viini vinne huifungua bila msaada. Kompyuta za kizazi kinachofuata, yaani zenye i5-7500, zina king'amuzi kamili cha VP9 na cha HEVC ya biti 10 ndani ya prosesa, kwa hiyo mtu ambaye bado hajanunua kompyuta na anataka video tu atafute hiyo na aachane na habari ya kadi. Kuna pia gharama ya intaneti, ambayo kadi haiwezi kuipunguza: Netflix hutaja kwamba 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa, ilhali 1080p hula hadi GB 3. Kwa anayenunua kifurushi cha wiki, saa chache za 4K zinatosha kukimaliza.

Tuje kwenye magemu. Hapa kadi inatimiza ilichoahidiwa kwa 1080p, mradi mtu akubali kushusha vipengele viwili vitatu vya picha. GTA V, ile ya awali ya kompyuta ya mwaka 2015, inakwenda juu ya fremu 60 kwa picha za kiwango cha juu. EA Sports FC 24, ambayo waliotengeneza waliweka GTX 1050 Ti kuwa kadi ya chini inayokubalika, haina shida yoyote hapa. Mpira unakwenda laini na marudio ya magoli hayakwami. Counter-Strike 2 nayo inachezeka vizuri, ila kinachoizuia ni prosesa na si kadi, kwani kwenye mapambano ya watu wengi fremu hushuka huku kadi yenyewe ikiwa haijafikia kikomo chake. i5-6500 ina viini vinne na nyuzi nne tu (yaani inafanya kazi nne kwa wakati mmoja), na magemu yaliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 5 yanatarajia mara mbili ya hapo. Katika magemu hayo mazito utaona wastani mzuri wa fremu, kisha ghafla mkwamo wa nusu sekunde unapoingia mtaa mpya au adui wengi wanapotokea kwa pamoja, na hakuna kadi ya bei yoyote itakayouondoa mkwamo huo.

Faida ambayo kadi hii inayo na nyingine za magemu za wati 75 hazina ni DLSS, teknolojia ya NVIDIA inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa hesabu za akili bandia. Katika kiwango cha ubora, picha ya 1080p huchorwa ikiwa 720p kabla ya kukuzwa. Kwa kioo cha mezani ukikikaribia utaona nywele na nyaya za umeme zikitetemeka kidogo. Kwenye televisheni iliyo mita mbili kutoka kwenye kochi, sikuweza kuitofautisha kwa uhakika. Kuhusu miale ya mwanga halisi (ray tracing), ambayo ndiyo herufi R na T katika jina la kadi, ni afadhali kuizima na kuisahau. Kadi inaiweza kwa jina tu.

Jambo moja ambalo huenda likafanya kazi kubwa kuliko tofauti ya kadi na kadi ni RAM. Kompyuta nyingi za ofisini huuzwa zikiwa na kijiti kimoja cha GB 8. Kuongeza kijiti cha pili kinacholingana nacho kunaifanya prosesa isome kumbukumbu kwa njia mbili badala ya moja, na katika magemu yanayobanwa na prosesa hilo huonekana kwa macho. 7040 ya mnara inatumia DDR4, ambayo ni rahisi kuipata.

Kati ya washindani wake wasiohitaji waya wa umeme, GTX 1650 ya mwaka 2019 ndiyo iliyo karibu zaidi. Ina GB 4, inaachwa nyuma kwa kiasi kinachohisika, haina DLSS wala haifungui AV1, na ningeichukua tu kama bei yake ni ya chini sana. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, iliyokuwa kipenzi cha wenye kompyuta za aina hii kwa miaka mingi, ningeiacha dukani sasa, maana Oktoba 2025 NVIDIA ilikoma kuitolea draiva (programu zinazoiendesha kadi) mpya za magemu na kuiachia marekebisho ya usalama peke yake hadi Oktoba 2028. Radeon RX 6400 ya AMD hutumia wati 53 tu, jambo la kuvutia kwa wenye SFF, lakini inawasiliana na madabodi kwa njia nne tu, na kwenye kompyuta za zamani zenye PCI Express 3.0 hupoteza sehemu ya kasi yake. Isitoshe, haifungui AV1 na haina uwezo wa kubana video, hivyo anayerekodi michezo yake aiepuke. Arc A380 ya Intel ina ving'amuzi bora kuliko zote hizi na hata inabana AV1, ila kwenye magemu hutegemea kipengele kiitwacho Resizable BAR ambacho kompyuta za kizazi hiki hazina, na bila hicho inadorora. GT 1030 ni ya video tu, na hata hivyo lazima iwe ile ya GDDR5, kwani mwaka 2018 ilitoka nyingine yenye jina lile lile na kumbukumbu ya DDR4 iliyo na takriban theluthi moja ya kasi.

Anayenunua kadi iliyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, aombe ichomekwe na kuwashwa mbele yake, kisha ifunguliwe programu ya bure ya GPU-Z. Zipo kadi za kale ambazo maandishi ya ndani yamebadilishwa ili zijitambulishe kwa jina jipya, na tangu mwaka 2018 programu hiyo huzitambua nyingi kati yake na kuzibandika neno la kuonyesha kwamba ni bandia. Muuzaji mmoja aliyekataa kata kata nisiifungue alidai ingeleta virusi. Nikamshukuru na kuondoka. Risiti ya mashine ya EFD idaiwe pia, maana dhamana ya mdomo haina pa kushikwa.

Kufunga kadi yenyewe ni kazi ya muda mfupi. Kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kitufe cha kuwasha kibonyezwe mara moja ili umeme uliobaki uishe, mkono uguse chuma cha kasha, ndipo kadi isukumwe kwenye tundu refu mpaka kifungio kilie. Vumbi lisafishwe kwanza, hasa feni ya nyuma, kwa kuwa kasha hili lilibuniwa kupoza prosesa tu na sasa lina chanzo cha pili cha joto. Kadi niliyoipima ina feni mbili, nayo haisikiki wakati wa video. Wakati wa gemu inasikika ikiwa chumba kiko kimya, bila kukera. Kuhusu Windows, i5-6500 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. NVIDIA imetangaza kuendelea kutoa draiva za magemu za Windows 10 kwa kadi za RTX hadi Oktoba 2026. Anayewekeza kwenye kompyuta hii aijue tarehe hiyo.

Inabaki bei. Dola 169 za uzinduzi hazina maana kubwa huku kwetu baada ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, na hapo ndipo RX 6600 iliyotumika inapoingia kwenye hesabu, kwa kuwa ina GB 8 na kasi inayoiacha RTX 3050 hii mbali. Inatumia wati 132 na inadai waya wa pini 8, kwa hiyo itabidi pawa saplai ya OptiPlex ing'olewe. Na kwa vile madabodi ya Dell haitumii kichwa cha kawaida cha pini 24, itanunuliwa pia nyaya ya kubadilishia. Kama jumla ya RX 6600, pawa saplai mpya na nyaya hiyo haizidi sana bei unayoambiwa ya RTX 3050, na una fundi unayemwamini, chukua RX 6600. Kama inazidi kwa zaidi ya theluthi, au kasha lako ni SFF lenye nafasi na umeme wa kutosha, ya GB 6 ndiyo ya kununua.